Mzinga Usiotaka Sabuni

Mtaani walimwita Mama Povu, na hakukasirika, maana halikuwa jina la kusingiziwa. Miaka kumi na minane alikuwa akifua mashuka ya hospitali, na vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, hata siku ya mapumziko. Akirudi nyumbani huketi kwanza kizingitini, viatu vikiwa bado miguuni, akakaa tu. Kuvivua ilikuwa kazi nyingine.

Leo hakuweza kukaa. Ilikuwa siku ya kurina asali.

Mzinga ulikuwa nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ukuta, sanduku la mbao juu ya matofali manne. Ulikuwa wa mumewe, aliyekuwa fundi saa mpaka macho na kifua vilipomsaliti kwa pamoja. Sasa alishinda dirishani akisikiliza nyuki kama zamani alivyosikiliza saa za watu. Moshi hakuuweza tena. Akiuvuta kidogo tu, anakohoa mpaka anajishika ukutani. Basi kurina kukawa kazi ya mkewe.

Na mkewe alishaharibu mara moja. Mwaka jana alirina vizuri kabisa, lakini alipoona ndani ya mzinga mna nta nyeusi na uchafu wa kunata, mkono wa dobi ukamwasha. Akakwangua kila kitu, akaleta maji ya moto na sabuni ya unga, akasugua mpaka mbao zikang'aa, akasuuza mara tatu. Kesho yake nyuki wote wakahama, harufu ya sabuni imewashinda.

Mumewe hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alikaa miezi minne akitazama sanduku tupu, sahani zikirudi jikoni na nusu ya chakula. Hawa wa sasa walikuja wenyewe baada ya mvua, na siku hiyo ndiyo aliyoomba chai ya pili.

"Safari hii wakienda, kaka yangu atawafuata," wifi yake alisema asubuhi akifagia uani. Aliyasema kama utani, akaendelea kufagia.

Hofu hiyo Mama Povu alikuwa nayo pia, ndiyo maana kwa siku tatu nzima alikuwa ameomba kazi ya kupiga pasi, asiguse sabuni. Joto la chumba kile lilimkausha kama samaki. Alikuwa akioga maji matupu.

"Wifi, leo unanukia binadamu, pole," wifi alimwambia.

"Zoea. Hii ndiyo harufu niliyokuja nayo hapa ukweni."

Jua lilipolegea, alivaa koti la mvua la mumewe, akajifunika uso kwa kipande cha chandarua, akawasha matambara kwenye kopo mpaka yakafuka. Mumewe alifungua dirisha upana wa kidole.

"Usiugonge kwa nguvu. Gonga kama unaamsha mgonjwa."

"Wagonjwa nawajua, Fundi."

Sega la kwanza lilitoka limejaa, jeupe, zito. La pili vilevile. Mabega yalikuwa yakimuuma tangu juzi.  La tatu lilikuwa na asali juu tu, chini watoto wa nyuki.

"Limejaa?"

"Nusu."

"Liache."

"Kuikata hiyo nusu ni kazi ndogo tu, nimalize."

"Hiyo ni yao, mke wangu."

Akalirudisha. Asali ikamchuruzikia mkononi na ukingoni mwa mzinga. Bila kufikiri akachomoa kitambaa kiunoni, akapangusa.

Mvumo wa nyuki ukabadilika. Yeye hakusikia, mumewe ndiye aliyesikia.

"Una nini mkononi?"

Akakitazama. Kilikuwa kitambaa cha kazini, alichokifua yeye mwenyewe wiki iliyopita, kinanukia sabuni hadi leo. Mwili wake aliuchunga siku tatu; kitambaa alikisahau.

"Kitupe! Usikimbie."

Akakirusha ng'ambo ya tangi. Nyuki wakamjia mkononi, wakamdunga mmoja, wawili, wanne. Miguu ilitaka kwenda, lakini uchovu nao una faida yake: alisimama tu. Alipuliza moshi taratibu, akahesabu kama anavyohesabu mashuka, mpaka arobaini. Sauti ikashuka. Kisha akafunika mzinga na uchafu wake wote ndani.

Jioni ile mumewe hakugusa asali, na sahani yake ilirudi jikoni na nusu. 

Kulipopambazuka, Mama Povu aliamka mkono umevimba kama andazi. Hakuthubutu kwenda uani. Alimkuta mumewe dirishani, sikio limeegemea kioo, akasimama mlangoni kusubiri.

"Wapo?"

"Wameshaingia zamu," mumewe akasema, bila kugeuka. "Niwekee chai."

"Heri wao, kazi yao iko mlangoni." Akampelekea chai, akaketi kizingitini, akaanza kuvaa viatu kwa mkono mmoja.