Sabini Elfu kwa Watu Ishirini na Wanane

Haya ya arobaini ya baba yangu siyasemi barazani, nikiyakumbuka masikio hupata moto, na hata hapa nayaandika nikijua waliokuwapo pale Mchinga wanaweza kunisahihisha, maana kumbukumbu yangu mwenyewe siiamini sana.

Maalimu alitaka marehemu asomewe tahalili, ile La ilaha illa Llah, sabini elfu. Desturi yetu, kokwa elfu moja za ukwaju humwagwa mkekani, kila mtu huchota konzi, akasoma, akarudisha, na zikiisha zote Maalimu hufunga fundo kwenye kamba, mafundo sabini basi, na hakuna ajuaye nani kasoma nyingi nani kasoma chache. Mimi (nilikuwa nimefika darasa la nne kule Lindi, na enzi zile za Mwingereza hilo lilitosha kumharibu mtu) nikasema tugawane kwa haki. Nikaichunguza ile sabini elfu kichwani, nikaiona ni namba ya ajabu: ukiigawa kwa mbili inakubali, kwa saba, kwa nane, hata kwa kumi na sita inakubali, lakini tatu inakataa, tisa inakataa, kumi na moja inakataa. Nikahesabu vichwa, ishirini na tisa. Inakataa, zinabaki ishirini na tatu zisizo na mwenyewe. Lakini kwa ishirini na wanane ni elfu mbili na mia tano kila mtu, haibaki hata moja, na Mungu anisamehe, niliona raha, siku ya arobaini ya baba yangu.

Basi apungue mmoja. Nikamtazama Mzee Bakari wa Kiswere, aliyevua na baba tangu ujana wao, kaja kwa miguu, na usomaji wake ni wa kuvuta (hakuwa mvivu, niseme haki, ni pumzi tu). Nikamwambia, "Baba, umechoka, pumzika barazani."

"Nimekuja kumsomea," akasema.

"Hesabu haikubali, baba."

Akatutazama wote, labda akingoja mtu amtetee. Akachukua bakora yake, akatoka.

Tukasoma, kila mtu akihesabu zake kwa tasbihi. Hatujafika mbali, Ahmadi mwenye duka akaitwa, mkewe kashikwa na uchungu, akaondoka, na simlaumu. Tukawa ishirini na saba, namba ikakataa tena, na fungu la Ahmadi likabaki halina msomaji. Siku nyingine tungechota tu mpaka ziishe. Sasa kila mtu alikuwa na fungu lake, na aliyelimaliza akaegemea ukuta akinusa pilau. Nikamwomba binamu yangu Hamisi aongeze kidogo, akanijibu bila ubaya, "Zangu nimemaliza, Karani. Si umetugawia mwenyewe?" Watu wakacheka chini chini, msibani.

Mama akatuma kuuliza kutoka ndani mbona dua haisikiki. Nikatoka kumwita Mzee Bakari, barazani hapana mtu. Mpishi akaniambia mzee kakataa chakula, kashika njia ya Kiswere.

Nikarudi, nikazisoma peke yangu zile elfu mbili na mia tano, watu wote wananitazama, pilau inapoa, ulimi umenikauka, nikapotea katikati nikaanza upya, na baba mkubwa akaniambia, "Soma taratibu, mwanangu, hesabu inakubali." Dua iliombwa jua limeshazama, na wengi walikula wakaondoka.

Nilinuia kwenda Kiswere kumwomba radhi Mzee Bakari. Nikawa nangoja aibu ipungue kwanza, na kabla haijapungua ikaja habari ya kufa kwake. Hitima yake nilikwenda, sijui kama nilistahili. Kokwa zikamwagwa mkekani, mwanawe akasogea kunipa nafasi, wala hakuuliza tulikuwa wangapi. Nikachota konzi yangu, nikasoma, nikarudisha, nikachota tena. Vichwa sikuhesabu, na katika nyumba ya msiba sitahesabu tena.