Mashine Yangu Iliwahesabu Kulwa na Doto Mtu Mmoja

Admin, ficha kila kitu changu isipokuwa hilo jina la Shija. Akina Shija tuko maelfu huku, na bila jina hilo kisa hiki hakieleweki. Nina miaka hamsini na minne, mke na watoto watatu, naishi Kahama upande wa Nyahanga. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta, siku hizi na za simu. Vijana ofisini wananiita mzee wa mfumo. Wangejua mzee wa mfumo alifanya nini, wangenitemea mate.

Kwa msiojua mambo yetu Wasukuma: mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Mimi nimebebwa mgongoni na mapacha. Shikeni hapo.

Katikati ya miaka ya tisini nilitoka kusomea kompyuta Dar, kichwa kimenivimba kweli kweli. Nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya dhahabu upande wa Geita, jina siitaji. Kompyuta moja, kioo cheusi, herufi za kijani, jenereta inakohoa nje. Kila asubuhi nachapa orodha ya wachimbaji, nyapara anasimama nayo mdomoni mwa shimo na kumwekea tiki kila anayeshuka. Sasa wachimbaji nao wajanja: leo mtu anajiandikisha Masanja, kesho Juma, apewe mgao wa unga mara mbili. Meneja akaniambia, "Shija, niondolee haya majina hewa." Nikaandika amri: jina la mtu usiliangalie, tazama baba, mama, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Vyote vikifanana, ni mtu mmoja, bakiza wa kwanza. Meneja alinipigia makofi.

Ijumaa moja akaja Doto dirishani. Kijana wa Songwa, mchangamfu, amevaa katambuga za tairi, mkanda mmoja umeungwa kwa waya mwekundu.

"Bosi, jina langu halipo. Kulwa yupo, mimi sipo."

"Mashine imeona ninyi ni mtu mmoja," nikamjibu bila hata kumtazama vizuri.

Akacheka mpaka akashika dirisha. "Ee! Shija, kwenu wewe ulizaliwa nyuma ya akina nani? Wewe ndiye wa kuniambia Kulwa na Doto ni mtu mmoja?"

Jamani, aibu niliyoipata! Kosa nililiona papo hapo. Mstari mmoja tu wa kurekebisha, nusu saa ni nyingi. Lakini foleni nzima ilikuwa inanicheka, halafu nilikuwa nawahi gari la Kahama, kuna harusi ya rafiki yangu. Nikamwambia, "Njoo Jumatatu." Akakasirika. "Jumatatu nisipoliona jina langu naenda zangu machimbo ya Katoro!" Wote walimsikia.

Jumamosi shimo likaporomoka. Wakachimbua, wakatoa watu, wengine wazima, wengine maiti. Kulwa alitolewa maiti. Nyapara akaita majina, kila mwenye tiki amepatikana. Jumapili wakaacha kuchimbua.

Jumatatu narudi, nawasha mashine nirekebishe ule mstari, nasikia watu wanasema Doto katorokea Katoro, hata pacha wake hakumzika. Nikajiuliza, kweli pacha aache kumzika pacha wake? Nikaenda shimoni. Pale wanapovulia viatu kabla ya kushuka ilibaki jozi moja ya katambuga. Waya mwekundu. Alishuka bila tiki, nyuma ya ndugu yake. Kwa sura ile ile, nyapara alidhani ni Kulwa amerudi juu mara moja na sasa anashuka tena.

Nikakimbilia kwa meneja. "Doto yumo ndani. Programu yangu ilimfuta."

Akafunga mlango. "Basi andika barua kwamba wewe ndiye uliyemfuta, niipeleke polisi. Au orodha ibaki ilivyo."

Zilikuwa zimepita siku mbili tu. Nilijua kabisa watu wamewahi kutolewa hai baada ya siku zaidi ya hizo. Nikarudi mezani kwangu. Nikarekebisha mstari. Orodha ya Jumanne ikatoka na jina la Doto, mzima, tayari kushuka shimo jingine. Wiki hiyo hiyo shimo likafukiwa. Katambuga nilizichukua, ziko kabatini kwangu. Mke wangu anadhani ni kumbukumbu za ujana.

Mwezi uliopita tumepewa kazi ya programu ya simu ya kuandikisha wazee vijijini, taarifa ziingie moja kwa moja kwenye kompyuta kuu huku ofisini. Kijana wangu mmoja wa ofisini akaandika sehemu ya kuondoa waliojirudia: baba mmoja, mama mmoja, mwaka mmoja, futa. Nilimfokea mpaka nikamwonea huruma. Tukaenda kuijaribu Songwa. Nyumba ya tatu, bibi amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani mama.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Nilizaa mapacha. Kulwa alifia kwenye dhahabu huko Geita. Doto alikimbilia Katoro, hakuja hata kumzika mwenzake. Nilishamlaani yule, akirudi leo hata maji simpi. Andika mmoja."

"Mayu, mapacha si wawili?"

"Nimesema andika mmoja. Wewe unaitwa nani?"

"Shija."

Ndipo akatabasamu. "Ungekuwa wangu wewe. Nyuma ya wale sikujaliwa mwingine."

Nikabonyeza moja. Simu ikapokea.

Tangu siku ile nawaza hili tu. Nikimwambia, nitamwondolea mwanawe laana, lakini nitampa kitu kingine cha kufikiria: Doto anagonga mwamba huko chini, mimi niko juu nachapa orodha. Nikinyamaza, atakufa anamchukia mtoto aliyefia ubavuni mwa pacha wake. Msamaha siutafuti, na sioni njia yoyote yenye nafuu. Ila ninyi mna wazazi, mna watoto, hebu semeni nami: niende na zile katambuga, au nimwache mama wa watu? Programu tunaikabidhi Ijumaa, na humo ndani bado ana mtoto mmoja.