Ng'ombe Wangu wa Masama Aliyenikana

Msidhani nasimulia haya kwa raha. Aibu ninayo mpaka leo, na hasira ndiyo kabisa, maana haki ilikuwa yangu na aliyechekwa ni mimi!

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi cherehani Moshi mjini, na ng'ombe wangu nilimweka kwa Ndekirwa kule Masama kwa masharti yetu ya siku zote: yeye amkatie majani, maziwa na mbolea viwe vyake, ndama wawe wangu, na mnyama akifa aniletee ngozi niione. Ndama akazaliwa, nikamwahidi Mzee Elisamia, baba wa mchumba wangu, kwamba huyo ni wa mahari. Mara nasikia ndama kafa. Ngozi iko wapi? Hakuna! (Wakwe zake Ndekirwa ndio walikuwa wamemla, kijiji kizima kinajua, mimi tu ndiye sijui.)

Basi Jumapili moja, ibada imekwisha, badala ya kutafuta mtu wa kusimama kati yetu kama ilivyo desturi, nikaona hapana, nakwenda sasa hivi, na koti langu jipya nililolishona mwenyewe, na nusu ya waumini wakanifuata, Mzee Elisamia akiwamo.

"Ndekirwa! Mimi na wewe basi! Umekula ndama wangu, ngozi hukuleta, leo naondoka na ng'ombe wangu!"

"Mchukue," akasema, hata kuinuka hakuinuka. "Si yuko ndani?"

Sasa ng'ombe wetu wa migombani analala ndani ya nyumba na kulishwa humo humo, anayemjua ni yule anayemletea majani, na mimi wa cherehani nilikumbuka hilo? Nikafunga kamba, nikavuta, akatoka, akaona jua, akaona umati, akaniona mimi, akaniburuta katikati ya migomba mpaka kwenye mfereji, nikatumbukia na koti langu, naye huyo, akarudi ndani kwa mke wa Ndekirwa akiendelea kutafuna.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ndekirwa akaja na jani la sale mkononi, kuomba msamaha (kwetu ukiletewa sale hukatai), nikalipokea huku tope linanichuruzika, mwizi anaonekana muungwana kuliko mimi!

Nikamgeukia Mzee Elisamia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, ndama huna, na ng'ombe hakujui. Binti yangu nimpe nani?"

Masika yote, kila Jumamosi, nikawa napanda Masama kumkatia ng'ombe wangu majani nyumbani kwa Ndekirwa, ili anizoee, ndipo nimpeleke kwa mkwe badala ya ndama. Siku aliponifuata bila kuvutwa, Ndekirwa alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa, akaniuliza bila haya, "Sasa Jumamosi nani ataniletea majani?"

Mke nilimpata. Lakini mnyama wa kuwekwa kwa mtu, sitaki tena kumsikia.