Nilikwenda Butiama Kufua

Upepo wa ziwa uliukunja msalaba niliomwekea mke wangu, Veronika, tulikomzika Bukima. Niliutengeneza mwenyewe kwa bati, maana mimi ni fundi wa vibatari pale Mwisenge, Musoma. Kaka yake aliutazama akauliza, "Shemeji, huu ni msalaba au mfuniko wa sufuria?" Nikaamua kwenda Butiama, kwa mhunzi wa kijiji cha Ujamaa, nijifunze kufua chuma. Nilitaka msalaba usiopindwa na upepo, tena uliotoka mkononi mwangu.

Asubuhi nilipanda lori lililokuwa likienda Bunda kubeba pamba. Nilitakiwa kushuka njia panda ya Butiama, lakini nililala juu ya magunia matupu, nikaamkia Bunda.

"Ndugu, si ulisema Butiama?" dereva akauliza.

"Nilisema."

"Basi umeiona ndotoni."

Fundi mmoja wa magari alinihurumia, akanipa kipande cha springi ya lori iliyovunjika. Nilikibeba begani kama mtu anayejua atakifanyia nini.

Kesho yake, Butiama. Mhunzi alikuwa shambani, nikapokelewa na mkewe, Mama Magori. Nikamwamkia, nikasema kwa adabu, "Mama, nimetoka Musoma. Nimekuja kufua."

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na beseni la nguo na kipande cha sabuni. "Tunafuaga kule chini, kisimani."

Niliona aibu kumsahihisha. Nikaenda. Tangu nioe sikuwahi kufua hata leso. Wanawake waliokuwa kisimani waliangua kicheko. "Baba, hiyo ni kola, si shingo ya kuku. Mkeo yuko wapi?"

"Amefariki."

Mmoja akalichukua lile shati. "Anza na kola. Taratibu." Nikasema sabuni imeniingia machoni. Wakaniachia uongo huo.

Mhunzi aliporudi nikamweleza nilichokuja kufua, akacheka mpaka akakaa chini. Asubuhi akanipeleka kwenye mifuo yake ya kuvuvia moto. Nilipiga nyundo, akasema, "Unaua nyoka? Pasha tena." Nikapiga chuma kingali baridi. "Hili si bati, ndugu. Chuma kinangojwa." Adhuhuri akaniambia, "Lete nikufulie mimi, uwahi lori."

"Hapana, mzee. Msalaba huu ni wangu."

Ukatoka na mkono mmoja mfupi. Mhunzi akaniuliza tu kama nitakula.

Nilirudi Musoma, nikaenda Bukima kuusimika. Upepo umevuma mara nyingi tangu hapo, nao umesimama, na ufupi wake.

Uhunzi sikuujua, bado nauza vibatari. Nilichojifunza ni kile nisichokiendea. Nguo alizougulia Veronika zilikuwa zimefungwa kwenye khanga nyuma ya mlango, na kila ndugu aliyekuja alizipita. Nilizifungua. Nikazifua moja moja, nikazianika uani mchana, wapita njia wakiniona.