Mashine Mbili, Ralonji Moja

Juzi nilikuwa kwenye gishe, dirisha la mapokezi, ya kliniki moja hapa Kamembe. Mbele yangu papa mumoja wa Nkombo alikuwa akiomba bibi yake, anayevuja damu baada ya kuzaa, apelekwe hospitali kubwa. Ambulansi ilikuwa inanguruma uani, lakini haitoki bila namba ya ruhusa kutoka kompyuta, na kompyuta zilikuwa kimya.

Fundi wa kompyuta, kijana wa rika langu, akajipiga kifua. “Papa, tulia. Mbele ya seva inayotoa namba tuko na mashine mbili za kupokea maombi. Moja ikianguka, ingine inashika kazi.”

“Damu haitulii,” papa akajibu.

“Na mbona zote zimelala, bosi?” nikamchokoza. Shule niliiacha mapema, lakini kuhesabu waya najua.

Akainama chini ya meza. Mashine zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ralonji moja, waya mmoja wa kurefushia umeme, nayo imeungua.

Alipozichomeka ukutani, akapiga makofi: “Imerudi!” Namba ikatoka. Wakati huohuo muuguzi akatoka chumba cha ndani alimolazwa bibi yule, akivua glavu polepole. “Papa,” akasema, “kuja tukae.”

Dereva akazima injini.

Fundi ameahidi ralonji ya pili. Mashine anazo mbili; papa yule alikuwa na bibi mumoja tu.