Koti Lisilo na Vifungo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaloni Busisi, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nilifika nimevaa koti. Tena si koti la mchezo. Lilikuwa la mtumba, la sufu, zito, mchumba wangu Nyamizi alilipigania mnadani mjini kwa sababu ilikuwa Juni, na Juni ziwani baridi inaingia hadi kwenye meno. Lilikuwa na vifungo vyeusi vinavyong'aa. Nilijiona bwana harusi tayari.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Lete hilo koti."

Nikadhani anataka kulisifia. Akachomoa kisu cha kupasulia samaki, akavikata vifungo vyote, akanimwagia kiganjani. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Ndipo nikaona kwamba makoti yao nayo hayakuwa na kifungo hata kimoja.

"Ukianguka majini koti limefungwa, hilo ndilo litakalokuzika," alisema nahodha. "Kwenye mtumbwi wangu baridi utaivumilia."

Nilinuna siku nzima. Nilipompelekea Nyamizi vifungo vyake, naye akanuna kunizidi.

Kazi yetu ilikuwa migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi za kutegea sangara. Nyie vijana mnaoliona ziwa kutoka darajani mnadhani ni maji tu. Miezi ya baridi upepo wa kusi huyavuruga, ikabidi twende mbali, penye kina. Unavuta kamba vidole vimekufa ganzi, ndoano inakuchoma huna habari mpaka uone damu. Na koti liko wazi, upepo unapita kifuani unavyotaka. Nilimchukia nahodha kwa moyo wote.

Msimu uliofuata nilikuwa nimeshaoa, na Nyamizi alikuwa na mimba ya kwanza. Wimbi likatupiga ubavuni, nikaenda majini. Ile sufu ilikunywa maji ikawa nzito kama gunia la mahindi lililolowa, ikaanza kunishusha. Nikainua mikono. Koti likachomoka lenyewe, likaenda zake chini, mimi nikaibuka. Nahodha alinivuta kwa ukosi wa shati, akaniangalia ninavyotetemeka.

"Lilikuwa koti zuri," akasema. "Pole."

Baadaye nilihamia kwa tajiri wa Igogo, maana mwenye mtumbwi sisi tunamwita tajiri, na huko nikapanda hadi kuwa nahodha mwenyewe. Kila kijana aliyekuja na koti nilimkatia vifungo.

"Nahodha, hawa nimewanunulia majaketi okozi," tajiri alilalamika. "Makoti yao yamekukosea nini?"

"Kamuulize mke wangu," nikamjibu.

Juni hii nimestaafu. Asubuhi ya kwanza nilikaa uani natetemeka, koti langu jingine, lililorithi nafasi ya lile lililozama, wazi kama kawaida, nikililaumu ziwa kwa kutonikumbuka. Nyamizi akatoka ndani na kopo la zamani la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na vile vifungo vyeusi. Sikujua kwamba alivitunza. Akavishona nikiwa nimelivaa koti, kisha akanifunga mwenyewe, kuanzia tumboni hadi shingoni.

"Sasa huendi popote," akasema.

Sitawaficha, nililia kidogo. Kile cha tumboni kinanibana sana, lakini sikifungui.