Siku Niliyowaonjea Watawa Chakula

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu nimeshaicheka vya kutosha, lakini miaka ile nikiikumbuka nilikuwa najifunika shuka mpaka kichwani. Nilikuwa nafanya usafi maofisini huku ughaibuni, mtaa wa Schuman, na mwenzangu wa zamu alikuwa Nimal, mtu wa Sri Lanka, Mbudha mpole kabisa. Mwezi wa tano akanialika Vesak, sikukuu yao ya mwezi mpevu, wanayomkumbukia Buddha. Mama yake angewalisha watawa watatu, thawabu zimwendee marehemu mumewe, ila saa sita mchana ikishapita watawa hawali tena mpaka kesho.

Nikavaa kanzu yangu ya Idi. Kufika hekaluni (nyumba ya kawaida tu, upande wa Woluwe) nakuta watu wote wamevaa nyeupe! Wakanisifu, kichwa kikavimba, nikajiona mwenyeji, nikajitolea kuwapelekea watawa masufuria, mimi mpishi wa harusi za Tanga, nani angenizuia?

Sasa kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu. Nikachota dengu, nikaonja, nikatabasamu. Kisha, nisije nikaonekana napendelea, nikaonja na mboga, na viazi, na wali, masufuria yote matano, ukumbi mzima ukinitazama.

"Juma," Nimal akaninong'oneza, "chakula cha sadaka hakionjwi, hata mpishi haonji. Hiki hatuwezi kuwapa tena."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nikamwona Mama Nimal machozi yanamlengalenga, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukakimbilia jikoni, kanzu nimeikunja kiunoni, tukabandika wali mpya na dengu zile nyekundu zinazoiva upesi, na kwa kuwa hakuna wa kuonja, mimi nikatia chumvi, Nimal akatia chumvi, na mama (tulikuja kujua baadaye) naye alishatia. Saa sita kasoro dakika kumi chakula kikafika mbele ya watawa. Yule mkubwa akala tonge la kwanza, akanywa maji. Tonge la pili, maji. Alimaliza sahani na jagi zima bila kukunja uso, na mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Watawa walipoondoka, Mama Nimal akakomba mabaki ya dengu kwa kidole, akaonja, akafumba macho.

"Marehemu mume wangu," akasema, "daktari alimkataza chumvi, akafa anailalamikia. Leo amepelekewa yote."

Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na hapo ndipo nilipoweza kupumua.

Kila mwaka wananialika na sikosi, lakini niliapa: masufuria ya watu siyagusi mpaka niulize. Siku hizi Mama Nimal amenipa kazi ya kupanga viatu mlangoni.